Nisubiri Hapo, Natoka Sasa Hivi

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la huduma anaijua: "Mtandao unasumbua." Utaambiwa benki, utaambiwa kwa wakala, utaambiwa hospitali. Ukishaambiwa, unakaa kwenye benchi, unatoa simu yako (ambayo mtandao wake, ajabu, uko sawa kabisa), unasubiri. Huwezi kugombana na mtandao, kama usivyoweza kugombana na mvua.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na sentensi za namna hii zinanikera kikazi. "Fedha zimepotea." "Ukuta umeanguka." "Mtandao unasumbua." Zote zimejengwa ili swali la nani lisiulizwe. Kwa hiyo masika moja hapa Lipangalala, nilipopata nafasi ya kuona kwa macho yangu kinachokaa nyuma ya sentensi hiyo, nilivuta kiti nikakaa.

Aliyenipa nafasi hiyo ni mdogo wangu. Kiukoo ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu hilo halina tofauti. Yeye ni mtengeneza programu. Ofisi yake ni meza ya sebuleni kwa Mama, intaneti yake ni ya simu, na waajiri wake wako mbali. Masika hiyo alikuwa amekabidhiwa mfumo wa kusajili wagonjwa wa kampuni moja binafsi yenye vituo vya afya sita, vyote nje ya mkoa wetu. Mfumo aliukuta, na aliyeuandika alishaondoka. Lalamiko lilikuwa moja: kila siku ya kazi, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, mfumo unaganda. Mchana unapona wenyewe. Usiku unakimbia kama swala.

Malalamiko yalikuwa yanamfikia kwa sauti, kupitia WhatsApp, kutoka kwa dada mmoja wa mapokezi. Nyuma ya sauti yake ulisikia watoto wanalia na mtu mzima anafoka. Asubuhi moja alisema: "Kaka, kuna mama ametoka hapa sasa hivi na mtoto ana homa. Alikuwa na hela yake mkononi. Amesema anaenda duka la dawa, hawezi kusubiri kompyuta." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba jana yake amepewa barua ya onyo. Sababu iliyoandikwa: uzembe na kuchelewesha wateja.

Mdogo wangu aliisikiliza sauti ile mara mbili. Halafu akafungua laptopu.

Sasa nieleze kwanza kitu ambacho nami nilielezwa. Programu unayoiona kwenye kioo haina kumbukumbu yake yenyewe. Majina ya wagonjwa, vipimo, malipo, vyote vinakaa kwenye kanzidata, ambayo ni programu nyingine. Ya mfumo huu ilikuwa PostgreSQL. Kila mara mhudumu anapobonyeza "hifadhi", programu ya kwanza inalazimika kuzungumza na ya pili, na mazungumzo hayo yanapita kwenye muunganisho. Vijana wanauita koneksheni. Najua, ukitaja koneksheni Tanzania watu wanamfikiria mjomba aliyeko wizarani. Hii ni nyingine, ingawa nayo, kama utakavyoona, ina watu wanaoishikilia wakati wenzao wanasubiri nje.

Kufungua koneksheni mpya kuna gharama. Pande mbili lazima zisalimiane, zipeane nywila, na PostgreSQL inaanzisha mchakato mzima kwa ajili ya mgeni huyo mmoja, wenye kumbukumbu yake kwenye seva. Ukifanya hivyo kwa kila mbonyezo, utatumia muda mwingi kusalimiana kuliko kuongea. Ndiyo maana watengeneza programu hufungua koneksheni chache, wakaziacha wazi, zikawa za kuazimana. Kiingereza wana neno lao ambalo ukilitafsiri kwa haraka unapata "bwawa", na bwawa halisaidii kitu. Mdogo wangu alikuwa na neno zuri zaidi: kijiwe.

"Dada, ni kijiwe cha bodaboda tu. Pikipiki ziko pale, injini za moto. Abiria akija anachukua moja, inampeleka, inarudi kijiweni. Hakuna anayenunua pikipiki mpya kila akitaka kwenda sokoni."

Kijiwe cha mfumo ule kilikuwa na pikipiki 15. Programu iliandikwa kwa lugha ya Python, na maktaba yake ya kuzungumza na kanzidata, SQLAlchemy, isipoambiwa vingine huweka 5 za kudumu na ruhusa ya kuongeza 10 kukiwa na msongamano. Hakuna aliyewahi kuzigusa namba hizo, na programu ilikuwa inakimbia kama nakala moja tu. Ombi la kumi na sita likija na kijiwe ni kitupu, linasubiri sekunde 30. Zikiisha bila pikipiki kurudi, linafukuzwa. Mhudumu anaona kosa kwenye kioo, anageuka dirishani, anasema sentensi ile tunayoijua.

Meneja wa kampuni alikuwa na jibu lake tayari: seva kubwa zaidi, koneksheni nyingi zaidi. Si jibu la kijinga. Sisi watu wa Ifakara hasa hatuwezi kulicheka. Miaka mingi ukitaka kwenda Ulanga ulishuka Kivukoni ukasubiri pantoni, na foleni yake ilikuwa sehemu ya safari. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja, Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya mto Kilombero. Pale tatizo lilikuwa njia kuwa ndogo, njia ikapanuliwa, likaisha. Ukikulia mahali ambapo tatizo la foleni limemalizwa kwa zege, utaona kila foleni inadai zege.

Ila kanzidata si mto. Seva yao ilikuwa na prosesa ya viini 4, maana yake kwa wakati mmoja inaweza kweli kufanya mambo manne. Mengine yote yanapokezana. Wenyewe wa PostgreSQL wana kanuni ya kuanzia wanayoipendekeza: zidisha viini kwa mbili, ongeza idadi ya diski. Kwa seva ile ni 9. Tisa! Kwa vituo sita vya afya. PostgreSQL yenyewe hutoka kiwandani ikiwa imeruhusu 100, na wapo wanaoipandisha hadi 1,000 wakidhani wanaiongezea nguvu, kumbe wanaongeza watu wanaogombea meza nne.

Na kulikuwa na kitu kingine kilichomtatiza mdogo wangu zaidi. Miezi miwili nyuma kampuni ilikuwa imeshahamia kwenye seva kubwa, na halikubadilika kitu. Saa 3 asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, prosesa ya seva ilikuwa inatumika chini ya asilimia 10. Watu wamejaa, mashine imekaa. Hapo ndipo nilipoanza kuona ana kesi mkononi. Ungekuta jiko la hoteli halina moto na wateja wote wanasubiri chakula, usingeagiza jiko kubwa zaidi. Ungeuliza wapishi wako wapi.

Usiku hakuweza kupata kitu, kwa sababu usiku hakuna foleni. Ikabidi tusubiri asubuhi. Saa 2 na dakika 20 sauti ya kwanza ikaingia kutoka mapokezi, naye akaingia kwenye kanzidata kuangalia jedwali moja linaloitwa pg_stat_activity. PostgreSQL huliweka kwa ajili ya kazi hiyo hiyo: linaonyesha kila koneksheni iliyopo, inafanya nini, tangu lini, na sentensi ya mwisho iliyoiambia kanzidata.

Mistari ilikuwa 15. Kwenye safu ya hali, yote 15 ilikuwa na maneno yale yale ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: imekaa tu, ndani ya muamala. Maana yake koneksheni imeanza kazi, imesema jambo, kazi haijafungwa, na sasa haisemi chochote. Wala haijarudi kijiweni. Ya kwanza ilikuwa imekaa hivyo kwa dakika moja na nusu.

Mama alipita na chai, akainama kutazama kioo. Wakazi wa Ifakara wamezoea kugeuzwa mistari. Mji huu una maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, ilipoanzishwa na Waswisi wa Basel, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu 1996 wadodosaji wake wamekuwa wakipita kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Mama akauliza, kwa utaratibu wake, kama anauliza habari za jirani: "Hawa wameshapata dawa?"

"Bado, Mama," mdogo wangu akajibu. Hakumsahihisha kwamba ile ni michakato ya kompyuta. Nami nikaona jibu lake ni sahihi kuliko sahihisho lolote.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye safu ya mwisho. Ukiwapa waandishi wa habari jedwali watatafuta sentensi. Zote kumi na tano zilikuwa zimesema sentensi moja: ile ya kuandika hudhurio jipya la mgonjwa mwenye kadi ya bima. Hakuna hata mmoja wa fedha taslimu. Hakuna maabara. Hakuna famasi. Nikamuuliza, "Baada ya sentensi hii, programu inafanya nini?"

Akafungua mistari ya programu, akasoma kwa sauti ya chini. Anza muamala. Andika hudhurio. Piga hodi kwenye mfumo wa bima, nje ya kampuni, uulize kama kadi iko hai. Subiri jibu. Likija, andika jibu. Funga muamala. Rudisha koneksheni.

Akaegemea kiti. "Nisubiri hapo, natoka sasa hivi," akasema.

Kila mtu anamjua abiria huyo. Anachukua bodaboda hadi mlango wa ofisi fulani, anashuka, anasema maneno hayo, anaingia ndani. Ndani kuna foleni nyingine. Pikipiki imesimama juani, injini imezimwa, haimbebi yeye wala mtu mwingine, na kijiweni inahesabika kwamba iko kazini. Abiria hana ubaya wowote. Anaogopa tu akiiachia hataipata tena. Lakini wakiwa abiria kumi na tano wa hivyo, mama mwenye mtoto wa homa na hela mkononi anafika kijiweni anakuta vumbi.

Hesabu yake ni rahisi, na ina mwenyewe. John Little, Mmarekani, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walioko ndani kwa wastani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Chukua maombi ya kawaida ya mfumo ule, tuseme 40 kwa sekunde, kila moja likishika koneksheni kwa sehemu 5 za 100 za sekunde. Arobaini mara 0.05 ni 2. Koneksheni mbili tu zinatosha kuhudumia vituo vyote. Sasa chukua kadi za bima, moja kila baada ya sekunde 2, na mfumo wa nje asubuhi unajibu baada ya sekunde 40. Nusu mara 40 ni 20. Kijiwe kina 15. Kwisha habari.

Hapo utasema: si aweke 25 basi? Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini bima ikijibu kwa dakika 2 zitahitajika 60. Isipojibu kabisa, hakuna namba inayotosha. Na isipojibu ilikuwa inawezekana, kwa sababu maktaba ya Python iliyotumika kupiga hodi kule nje, inayoitwa Requests, usipoiwekea muda wa mwisho itasubiri bila kikomo. Hawakuwa wameiwekea. Mtu mmoja mtandaoni alimshauri afunge PgBouncer, programu iliyotoka kwa wahandisi wa Skype mwaka 2007, ambayo kazi yake ni kusimamia kijiwe kwa niaba ya wengine. Ni chombo kizuri, kinatumika dunia nzima. Lakini hata kwa mpangilio wake unaotumika sana, koneksheni hurudi muamala unapofungwa, na hapa muamala ndio ulikuwa haufungwi. Ungeweka msimamizi hodari wa kijiwe ambacho pikipiki zake zote zimesimama mbele ya ofisi ya bima.

Kabla ya kugusa kitu alitaka kuhakikisha. Akaandika bima ya uongo: programu ndogo kwenye laptopu yake ambayo kazi yake ni kupokea swali, kulala sekunde 40, kisha kujibu "kadi iko hai". Akawasha nakala ya mfumo, akatuma wagonjwa wa kubuni 15 wenye kadi, halafu wa kumi na sita mwenye fedha taslimu. Tulikaa tunaangalia saa ya ukutani. Sekunde 30. Wa kumi na sita akafukuzwa. Sijawahi kufurahia kuona mtu akinyimwa huduma, lakini siku ile tulipigana viganja.

Tiba haikuzidi mistari thelathini. Muamala mmoja mrefu ukakatwa ukawa mifupi miwili. Wa kwanza unaandika kwamba mgonjwa amefika na kadi yake inasubiri kuhakikiwa, unafungwa, koneksheni inarudi. Ndipo programu inakwenda kuuliza bima, mikono mitupu. Jibu likija, inaazima koneksheni nyingine kwa kufumba na kufumbua, inaandika, inarudisha. Bima ikipewa sekunde 8 bila kujibu, mhudumu anaonyeshwa hivyo hivyo, anaendelea kwa utaratibu wa fomu. Na kama ulinzi, akaiamuru kanzidata yenyewe imkate yeyote atakayekaa kimya ndani ya muamala kupita sekunde 15. Uwezo huo PostgreSQL inao tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016. Ulikuwepo muda wote, umezimwa.

Si kwamba hakuna kilichopotea. Muamala mrefu ulikuwa na sifa moja: ama kila kitu kimeandikwa, ama hakuna. Sasa umeme ukikatika katikati, mgonjwa anaweza kubaki kwenye "inasubiri" milele. Ikabidi aandike kazi nyingine ndogo inayopita kila dakika chache kutafuta waliosahaulika. Alipoieleza hiyo, nilimwona Mama akitikisa kichwa kukubali, kama vile sehemu ya maana ndiyo imefika.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa mezani saa 2 kamili. Saa 3 jedwali lilikuwa na koneksheni tano, nne zimepumzika. Dada wa mapokezi hakutuma sauti yoyote. Saa 5 ndipo akatuma neno moja: "Imekubali."

Hadithi ya kiufundi inaishia hapo, na kama ningekuwa mhandisi ningeridhika. Lakini wiki hiyo meneja aliandika taarifa kwa wakuu wake, na mdogo wangu akanionyesha. Ilikuwa na mstari mmoja kuhusu mambo yote haya: tatizo la mtandao limetatuliwa.

Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Kulikuwa na programu iliyoshikilia kitu cha watu wote huku ikisubiri jambo la mtu mmoja, na hakuna aliyelipwa kuitazama. Kulikuwa na meneja aliyenunua seva bila kuuliza. Na kulikuwa na mfanyakazi mmoja, wa cheo cha chini kuliko wote, aliyelipa kwa barua ya onyo. Sentensi isiyo na mtendaji huwa na mtendewa. Tena mara nyingi ndiye anayelazimishwa kuitamka dirishani, kwa sababu hakuna sentensi nyingine aliyopewa.

Mdogo wangu alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba wake. Alichukua kumbukumbu za mfumo za siku iliyotajwa kwenye barua, akaonyesha saa kwa saa kwamba maombi ya dirisha lile yalifukuzwa na kijiwe kitupu, na kwamba dada yule alikuwa akijaribu tena kila alipofukuzwa. Kurasa mbili, lugha nyepesi, na mimi nilimsaidia kunyoosha Kiswahili. Akazituma kwa meneja, nakala kwa ofisi ya utumishi, akiomba barua ipitiwe upya.

Walijibu kwamba wamepokea. Barua bado iko kwenye faili. Yeye kila mwisho wa mwezi, akituma ankara yake, anaziambatanisha zile kurasa mbili tena.

Yule mama mwenye mtoto wa homa hayumo kwenye kumbukumbu zozote. Aliondoka kabla jina lake halijaandikwa.